Chakula Kilichootwa Handakini

Mwanamke akikwambia hana hasira huku anakatakata vitunguu namna ile, msogee mbali kidogo, hasa kama kisu kimetoka kunolewa. Itatí Ojeda alikuwa ameanza kusema hana hasira tangu asubuhi. Shangazi yake Chela, aliyekuwa upande wa pili wa meza akikanda unga wa muhogo na jibini kwa ajili ya vimikate vya chipá, alimtazama kwa jicho la pembeni akaamua kunyamaza. Kunyamaza kukamshinda.

"Hivyo vitunguu vimekukosea nini, mwanangu?"

"Sina hasira, shangazi."

"Sijakuuliza habari za hasira. Nimeuliza vitunguu."

Itatí akacheka bila kupenda, akajifuta machozi kwa mkono wa sweta. Heri vitunguu vilikuwepo vya kusingiziwa.

Ilikuwa Jumamosi ya baridi kali mjini Mercedes, kaskazini mwa Argentina, na jioni ile ukumbi wa Maveterani, wazee waliopigana vitani, ungejaa mpaka mlangoni. Karamu ile ilikuwa wazo lake mwenyewe. Tangu utotoni alikuwa akiwasikia wazee wake wakisimulia jinsi walivyochukuliwa wakiwa vijana wa mujibu wa sheria, wakatolewa kwenye joto la Corrientes na kupelekwa kwenye baridi ya visiwa vya Malvinas kupigana na Waingereza, wakakaa kwenye mahandaki yenye maji huku matumbo matupu. Njaa ilipozidi, walipika kwa mdomo. Mmoja alieleza mchuzi wa kuku wa mama yake, mwingine akamkatiza kwamba umesahau pilipili manga, wakabishana mpaka sufuria la maneno likaiva, wakalala wakimeza mate.

"Basi tuwapikie," Itatí aliwaambia watu wa chama cha maveterani siku moja. "Kile kile walichokiota."

Ndivyo ilivyoanza. Kila mwaka, usiku wa karamu, meza hutandikwa mablanketi ya jeshi na chakula hupakuliwa kwenye sahani za bati. Veterani husimama mbele ya watu wote, hutaja jina lake na chakula alichokiota, na chakula hicho huletwa pale pale. Anayekibeba ni lazima awe mtoto wa mtu aliyekuwa kule vitani, ila asiwe mtoto wa mwenye sahani. Akishaiweka mezani husimama hapo hapo, haondoki, wala haonji kitu mpaka mwenye sahani ametosheka. Wenyeji wa mji hulipia viti vyao na fedha hujenga. Mwaka ule walikuwa wanajenga chumba cha tiba, ili wazee wasisafirishwe tena mbali kwa ajili ya mgongo au usingizi uliogoma kuja. Mwaka wa kwanza watu walikuja kulia. Siku hizi walikuja wamevaa tai, na walioketi karibu na maveterani walitamba wiki nzima.

Mtu mmoja tu hakuwahi kutaja chakula. Kila mwaka ilipofika zamu yake alisimama, akasema, "Nicasio Ojeda. Mimi sikuota kitu," akaketi na kula mkate. Huyo ndiye baba yake Itatí.

Hakuna aliyemuuliza, kwa kuwa wote walijua. Kule visiwani, siku moja ya njaa, kijana Nicasio alichukua kopo la membrillo kutoka ghala la maofisa. Membrillo ni jamu ngumu ya tunda, ile inayokatwa kwa kisu na kuliwa na kipande cha jibini. Kila nyumba ya Argentina huwa nayo. Luteni wake akaamuru awambwe chini kama ngozi ya ng'ombe, mikono na miguu imefungwa kwenye vigingi, mvua ikimnyeshea. Tangu arudi, membrillo haikuingia nyumbani kwake.

Luteni yule aliitwa Iribarne.

Na Bruno, kijana aliyetoka Buenos Aires kuja kumfungia mzee Tito miguu ya bandia, kijana ambaye Itatí alimpenda kabla hajajua anampenda, aliitwa nani? Iribarne. Wala yeye hakujua lolote, na nyumbani kwa Itatí jina la luteni lilikuwa halijawahi kutajwa. Siku ya kwanza kupelekwa nyumbani kwa akina Ojeda alikuja kama mgeni mwenye adabu, hakuja mikono mitupu. Alikuja na jibini nzuri, na membrillo kubwa ndani ya karatasi ya zawadi yenye utepe. Nicasio aliutazama mzigo ule, akauliza, "Jina lako kamili nani, kijana?" Alipojibiwa, alinyanyuka mezani akatoka nje, na Bruno akabaki amesimama na utepe wake. Toka siku ile majuma yalipita, na Bruno alikuwa amerudi kwao.

Leo alikuwa anakuja.

Mlango wa uani ukafunguliwa. Nicasio akaingia na harufu ya moshi wa mbavu, mikononi ana karai la makaa. Alikuwa mfupi, mpana wa mabega, na medali yake ilikuwa tayari kifuani.

"Nasikia atakuja," alisema.

"Atakuja, Baba."

"Nani kamwalika?"

"Mimi."

"Na mimi," Chela akadakia.

"Wewe kanda unga wako." Akaweka karai chini. "Itatí, mama, tangu uzaliwe nimekukataza nini?"

"Pikipiki."

"Pikipiki na huyo! Basi! Dunia nzima nimekuachia."

"Amekosa nini, Baba? Wakati wa vita alikuwa hajazaliwa."

"Mtoto wa nyoka ni nyoka."

"Na mtoto wako mimi ni nani?" Itatí akaweka kisu chini, maana alijijua. "Kama damu inafuata, basi nina damu yako. Na damu yako ulinifundisha mwenyewe, haiingii kwa watu kwa mlango wa nyuma. Ataingia kwa mlango wa mbele, atabeba sahani kama watoto wengine. Baba yake alikuwa kule."

"Akivuka mlango ule, mimi natoka."

Chela aliacha kukanda. Itatí alimtazama baba yake. Mtu huyu alimsuka nywele akiwa mdogo mama yake alipofariki, akamsuka vibaya mpaka shuleni wakamcheka, na kesho yake akaenda kwa jirani kujifunza. Hakuna mwanamume aliyempenda kabla yake.

"Basi utatoka, Baba," alisema, sauti imepungua. "Nitalia sana. Lakini utatoka, na yeye ataingia."

Nicasio akachukua makaa yake akarudi uani.

"Mmefanana mpaka mnachosha," alisema Chela.

Jua lilikuwa linazama Bruno alipotokea, kwa miguu, masikio mekundu kwa baridi. Itatí alikuwa akitundika taa mlangoni. Hakushuka kwenye ngazi. Akamtazama kutoka juu, naye akamtazama kutoka chini, na yale yote waliyokuwa wamepanga kuambiana yakayeyuka.

"Umekonda," alisema Itatí.

"Kwetu hakuna shangazi Chela."

"Umekuja kula, kumbe."

"Nimekuja kwa ajili yako. Kama kuna chakula sitakataa."

Itatí alishuka ngazi moja. Alitamani kuziba ile baridi ya masikio yake kwa viganja viwili, mbele ya mji mzima, na angefanya hivyo kama Tito hangefika akitembea kwa madaha juu ya miguu yake mipya, suruali imepigwa pasi mpaka inakata.

"Hodi kwenye mapenzi!" alisema Tito. "Sikilizeni, nimepata dawa. Kijana tumtambulishe kwa jina la mama yake. Bruno Sosa! Akina Sosa wamejaa Corrientes nzima kama mchanga. Ukumbini nani atagutuka? Nicasio atafumba jicho moja, tutakula kwa amani."

"Asante, mzee Tito," alisema Bruno. "Lakini jina langu ni Iribarne. Siwezi kuliacha mlangoni kama mwavuli."

"Litakunyeshea."

"Najua. Don Nicasio yuko wapi?"

Itatí alimwonyesha kwa kidevu, kisha akakimbilia jikoni, kwenye dirisha la uani, akamkuta Chela ameshawahi nafasi nzuri.

Nicasio alikuwa anageuza mbavu juu ya makaa.

"Habari za jioni, Don Nicasio."

"Mbavu haziivi kwa kutazamwa. Unataka nini?"

"Nimekuja kumwomba Itatí."

"Yesu na Maria," alinong'ona Chela dirishani, "huyu hana breki."

"Kwenu hawaanzi na habari za hali ya hewa?" Nicasio aliuliza, bado amempa mgongo.

"Mara ile nilianza na zawadi, mzee. Haikunisaidia."

Mabega ya Nicasio yalitikisika kidogo. Huenda alikohoa.

"Baba yako alikuambia habari zangu?"

"Hapana. Alifariki nikiwa mdogo. Ukutani kuna picha yake ya sare, basi. Habari zako nilizipata kwa binti yako usiku ule ule. Nikarudi nyumbani, nikakaa mbele ya picha."

"Ukaitupa."

"Sikuitupa. Ni baba yangu. Lakini siwezi tena kumtazama kama nilivyomtazama zamani, na hilo linaniuma."

Nicasio sasa aligeuka. "Kwa hiyo umekuja kumwombea msamaha."

"Hakunituma. Nimekuja kwa shida yangu mwenyewe."

"Tito ana jina la kukuazima. Nimemsikia, ana sauti ya mnadi ng'ombe. Kwa nini umekataa? Ungeingia kwa raha."

"Kwa sababu ukinitukana, mzee, nataka unitukane kwa jina langu."

Mafuta yakadondoka, moto ukaruka. Nicasio alimkagua kuanzia viatu mpaka kwenye yale masikio mekundu. "Toka kwenye moshi," alisema, akarudia mbavu zake.

"Maana yake nini?" Itatí alimuuliza shangazi yake. "Anamfukuza?"

"Au anayaonea macho yake huruma. Kaka yangu hajawahi kusema kitu kikaeleweka mara ya kwanza."

Ukumbi ulijaa. Wake za maveterani walikaa wamenyoosha shingo, waume zao wakiwa kwenye meza ndefu ya katikati, vifua vinang'aa medali. Itatí alisimama mbele katika gauni lake la buluu akakaribisha watu, na kila mara jicho lilikwenda kwenye kiti cha baba yake. Kiti kilikuwa na mtu. Bado.

Wazee wakaanza kusimama. Tito, kwa majivuno ya mtu mwenye magoti mapya, alisema, "Tito Benítez. Niliota tambi za Jumapili za bibi yangu, zenye nyama ndani!" Zikaletwa, akapigiwa makofi. Mwingine aliota empanada, zile sambusa za kuoka zenye nyama. Mwingine aliota maziwa ya moto na sukari tu, na sauti ilimkatika kabla ya sukari. Binti aliyembebea kikombe alikilia kile kikombe njia nzima. Itatí alijaa fahari. Hawa walikuwa watu wake. Waliporudi toka vitani hakuna aliyewapokea, waliteremshwa kwenye malori kama mizigo, na sasa mji mzima ulikuwa unanyamaza ili wao waseme walichotaka kula.

Kisha mlango wa mbele ukafunguliwa na kundi jingine la wabebaji likaingia. Wa nyuma kabisa alikuwa Bruno.

Kwenye mji mdogo jina hutangulia mtu. Minong'ono ikapita meza kwa meza, Iribarne, mtoto wa luteni, mpaka ikafika katikati. Na Nicasio Ojeda akanyanyuka. Zamu yake ilikuwa haijafika.

Ndiyo basi, Itatí alijiambia. Anatoka. Alijishikilia kwenye meza. Alikuwa amesema atalia, lakini hakujua kwamba ingeuma kabla hata ya kulia.

Nicasio hakwenda popote. Alifunga kifungo cha koti lake.

"Nicasio Ojeda," alisema. "Niliota membrillo na jibini. Niliiota kabla ya kuichukua, na nikaiota zaidi nilipokuwa nimewambwa kwenye matope. Miaka hii yote nimewadanganya." Akavuta pumzi. "Ilikuwa ya luteni Iribarne. Kwa hiyo leo, kama inawezekana, naomba iletwe na Iribarne."

Hakuna aliyesogeza hata uma. Bruno alikuwa amesimama kama mtu aliyeitwa na hakimu. Itatí akainua pindo la gauni lake akakimbilia jikoni.

"Shangazi! Membrillo! Hatuna membrillo, hakuwahi kutaja, mji mzima umefunga maduka..."

Chela alipangusa mikono, akapanda juu ya stuli, akafungua kabati la juu kabisa. Akashusha sinia lililofunikwa kitambaa.

"Kila msimu wa tunda lake nampikia," alisema. "Kila mwaka hataji, na kila mwaka tunaila mimi na kasisi. Kasisi atasikitika. Haya, mwite kijana apeleke."

Bruno aliibeba sahani ile ya bati kutoka jikoni mpaka meza ya katikati, na Itatí hajawahi kuona ukumbi mrefu namna ile. Aliitua mbele ya mzee. Akarudi nyuma kidogo akasimama wima.

Nicasio hakuwa na haraka. Alikata kipande cha membrillo, akaweka juu ya jibini, akakitazama, akala. Alifumba macho. Mjane mmoja meza ya jirani alianza kulia taratibu. Nicasio akakata kingine, akala. Bruno alisimama tu, jasho linamtoka kwenye baridi ile, na mzee alimwacha asimame, kwa kuwa kulikuwa na deni la kusimama na yeye ndiye aliyekuwa akilipokea.

"Iribarne."

"Naam, mzee."

"Mkono unakutetemeka."

"Ndiyo."

"Wangu nao ulitetemeka. Ila mimi ilikuwa baridi." Akamega kipande cha tatu, kikubwa kuliko vyote, akakisukuma ukingoni mwa meza. "Kula."

Bruno hakukigusa. "Mzee, sheria ya karamu inasema mbebaji haonji mpaka—"

"Kijana. Siku moja nilikuwa na njaa, na mwenye chakula akanisomea sheria. Kula."

Bruno akala. Alikula huku machozi yanamtiririka wazi, wala hakuyaficha. Tito ndiye aliyeanza kugonga sahani yake ya bati kwa kijiko, kisha mzee wa empanada, kisha meza nzima, mpaka bati zikalia ukumbi mzima na watu wakasimama, wala hakuna aliyeweza kusema wanamsimamia nani kati ya wale wawili.

Walipomaliza kula, meza zikasogezwa ukutani na kodiani ikaanza kupiga chamamé, ngoma ya Corrientes. Dansi ya kwanza ni ya mwenye karamu na baba yake. Nicasio alimshika binti yake kiunoni, wakazunguka polepole, shavu kwa shavu, wanavyocheza watu wa kwao.

"Utafurahi sasa," alimwambia sikioni.

"Nitafurahi ukiniambia mwenyewe, Baba. Unanipa kwake?"

Nicasio akasimama katikati ya ukumbi, muziki ukiendelea.

"Sikupi," alisema. "Wewe si ndama wa mnada, useme nikukabidhi kwa kamba. Ulinijibu leo jikoni, ukataka nitoke kuliko uingize mtu wako kwa mlango wa nyuma. Nilikwenda kwenye makaa nimejaa hasira, na chini ya hasira nikajikuta najivuna. Binti yangu, kumbe! Sasa yule pale. Ukimtaka, nenda mwenyewe."

Akamwachia mkono, akarudi nyuma.

Corrientes mwanamke hungoja kuombwa dansi. Wake za maveterani walimwona Itatí amebaki peke yake sakafuni, wakashika vinywa. Bruno alikuwa ukutani, kando ya makoti ya wageni, na pengine alidhani bado haruhusiwi kusogea. Itatí akavuka ukumbi. Hakukimbia, hakuinamisha macho. Alitembea kichwa juu, mbele ya mji, mbele ya medali zote, mpaka akafika alipo akamnyooshea mkono.

"Twende tukacheze, Iribarne."

"Sijui chamamé," Bruno alisema. "Kwetu hawachezi. Nitakuaibisha mbele za watu."

"Utajifunza mbele za watu."

Alimvuta katikati. Bruno alimkanyaga hatua ya kwanza, akamkanyaga na ya pili, na Itatí akaweka shavu lake kwenye lile sikio jekundu, akafumba macho. Hapo ndipo, nyuma yao, ukatoka ule ukelele mrefu wa watu wa Corrientes, sapukái, unaoanzia tumboni na kupanda mpaka paa linatetemeka, ambao mwanamume huupiga furaha na uchungu vikimzidi kwa pamoja. Itatí hakuhitaji kugeuka. Ndani ya nyumba yao, maisha yake yote, hakuwahi kuusikia ukitoka kwenye koo la baba yake.